Urojo, gari na mutuka

Kila mwaka katika idara yetu hurudiwa hukumu ileile: Kiswahili cha pwani ni safi, cha kwetu Kongo kimechafuliwa na Kifaransa. Mwanafunzi akiandika "lopitalo" au "biro", kalamu nyekundu inapita juu ya neno lake. Mimi nasema hukumu hiyo haina msingi, na ushahidi wangu niliukuta ndani ya bakuli, huko Unguja.

Nilikuwa Mji Mkongwe wakati wa likizo. Karibu na Forodhani niliagiza urojo: mchuzi mzito wa manjano wenye ukali wa ndimu na embe bichi, ndani yake bajia, kachori, viazi na mishkaki, juu yake chatne. Wazanzibari wanajivunia chakula hicho, na wana haki. Lakini bajia, kachori na chatne ni majina yaliyovuka bahari kutoka Bara Hindi pamoja na mapishi yake. Sikumsikia mtu hata mmoja akisema kwamba urojo ni chakula kilichoharibika.

Pale mezani nilimwambia jirani yangu kwamba nimetoka bandarini kwa miguu, bila kupanda mutuka. Akacheka, akanirekebisha kwa upole: "Kaka, sema gari." Nilinyamaza kwa adabu ya mgeni, ila jibu ninalo. Gari ni neno la Kihindi. Mutuka wetu umetokana na motokaa, neno la Waingereza. Yote mawili ni wageni waliopewa uraia. Pesa, bima na laki pia zimetoka Uhindini. Hata bepari ni mfanyabiashara wa Kigujarati, na juu yake Waswahili wamejenga ubepari bila kumwomba mtu ruhusa.

Historia hiyo inatuhusu. Upande wa bahari wa mji ule limesimama jengo lenye roshani za mbao, Zahanati ya Zamani, lililoanza kujengwa 1887 kwa fedha za Taria Topan, tajiri mwenye asili ya Kutch. Huyo ndiye aliyemkopesha Tippu Tip mali za safari za bara, na Tippu Tip akafika hadi Kasongo, Maniema. Misafara ya namna hiyo ilituletea Kiswahili. Ilileta pia bunduki, ikaondoka na pembe za ndovu na watu waliotekwa. Siipambi biashara ile. Nasema tu kwamba lugha tuliyoipokea ilikuwa imekwisha kuchanganyika kabla haijavuka Tanganyika. Usafi tunaodaiwa kuupoteza haukuwahi kuwepo.

Mtu ataniuliza: basi kila mchanganyiko ni halali? Hapana. Kipimo kipo, nacho ni sarufi yenyewe. Gari limepata magari. Bepari amepata mabepari na ubepari. Kwetu, "leta", yaani serikali, limemeza kiambatisho cha Kifaransa katika l'État, na mama wa sokoni asiyejua Kifaransa hulitamka bila kuhisi ugeni wowote. Neno hilo limeiva. Anayepachika sentensi nzima ya Kifaransa katikati ya insha kwa sababu hakutafuta neno, huyo ametuletea unga mkavu akauita chapati.

Kwa hiyo nawaomba wahadhiri wetu mambo mawili. Kwanza, somo la asili ya maneno lisiishie kwenye Kibantu na Kiarabu. Kihindi na Kigujarati vipewe nafasi yao. Pili, kabla ya kukata neno la Lubumbashi au la Bukavu, tuulize kama limepata umbo la Kiswahili na kama watu wanalitumia. Likijibu ndiyo mara mbili, lipewe heshima ileile tunayoipa gari.