Ua la waridi na maji yasiyoonekana

Leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuongee maua. Usicheke, nayo ni mambo ya tumbo.

Kila ikikaribia Februari 14, ndege zinapakia mawaridi Nairobi kupeleka Ulaya. Mengi yanalimwa Naivasha, kando ya ziwa. Huko Ulaya wapo wanaolalamika: eti kusafirisha ua kwa ndege ni kuchafua hewa, bora ununue la Uholanzi.

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, kilipiga hesabu. Mawaridi 12,000 ya Kenya, safari ya ndege ikiwemo, yalitoa kama tani 6 za hewa ukaa. Idadi hiyo hiyo ya Uholanzi: tani 35! Kumbe kule kuna baridi, maua yanakuzwa kwenye nyumba za vioo zinazopashwa joto na kuwashiwa taa. Ndege kila mtu anaiona. Joto la ndani ya vioo nani analiona?

Basi Kenya imeshinda, tufunge mjadala? Mimi nasema bado. Hesabu ile ilikuwa ya hewa, si ya maji.

Mwaka 2012 watafiti Mekonnen, Hoekstra na Becht walichapisha hesabu ya maji. Waridi moja la Naivasha linabeba lita 7 hadi 13. Shada la maua 12 ni kama ndoo nne mpaka karibu nane za lita 20. Na theluthi moja ya maji ya maua yanayouzwa nje siyo ya kumwagilia: ni kipimo cha maji yanayohitajika kuzimua mbolea inayotiririka kutoka shambani. Dukani huko Ulaya huoni hata tone.

Tusionee mtu. Watafiti hao walisema mbolea inatoka pia kwa wakulima wadogo wa kule juu. Ila kushuka kwa maji ya ziwa walikuhusisha zaidi na mashamba makubwa.

Najua mtu atasema: toka 2020 ziwa limefurika mpaka likaingia majumbani, shida ya maji iko wapi? Jamani, mvua kubwa haifuti hesabu ya mbolea. Na kiangazi kitarudi tu.

Kususia maua nako si dawa. Maelfu wanakula kwa kazi ile, wao ndio wangeumia kwanza. Watafiti walipendekeza mnunuzi wa mwisho aongeze kidogo kwenye bei, pesa hiyo itunze maji ya Naivasha. Naunga mkono, kwa sharti moja: pesa ifike kule bondeni, isiishie kwa wenye maduka.

Kwa hiyo ukisikia bidhaa yoyote inasifiwa kuwa safi, uliza: mmehesabu nini, na mmeacha nini? Anayehesabu moshi peke yake anaficha maji, hata kama hakukusudia.

Mnasemaje wadau, alipe nani: anayepokea ua, mwenye shamba au serikali? Karibuni, hoja tu, matusi hapana.