Mashanta ya Baiskeli Katika Ndege



Juma hili nataka kuzungumza nanyi habari za kufunga mizigo. Najua wengine watacheka na kusema, "Huyu naye anataka kutufundisha kufunga mizigo, sisi ambao tangu utoto twafunga magunia ya mkaa na matenga ya kuku juu ya keria!" Ni kweli. Lakini mzigo wa baiskeli ukienda kwa barabara una sheria zake, na mzigo uo huo ukipanda ndege una sheria nyingine. Mimi nimeyajua hayo mwezi wa sita uliopita nyumbani kwa kaka yangu, na nusura tugombane.

Kaka yangu ana kijana ambaye ni fundi baiskeli katika mkoa wa Shinyanga. Mwaka juzi alipita kijijini mgeni mmoja wa kutoka Uholanzi, anasafiri kwa baiskeli. Spoki za gurudumu lake la nyuma zilikatika, akakaa kwetu siku nne mpaka zikapatikana nyingine. Mama yetu mzee alimpenda sana kwa sababu alikula ugali na samli bila kujivuna. Safari yake ilipokwisha, alimpelekea kijana wetu zawadi kwa basi: mashanta yake manne ya baiskeli, mawili makubwa ya keria ya nyuma na mawili madogo ya mbele. Mwaka huu akamwandikia, "Njoo tuendeshe pamoja kwetu. Baiskeli ipo, nauli nitatoa, wewe njoo na mashanta tu."

Basi, pasi na viza zikapatikana. Jumapili moja baada ya Misa tukakusanyika sote kumfungia mzigo. Kila mtu alikuja na chake. Mama alileta chupa ya samli ya kilo mbili. Shangazi alileta machungwa kilo tatu. Kaka yangu alileta spana ya zamani aliyoachiwa na baba yetu, mnyororo wa akiba, na kopo la solusheni. "Fundi hasafiri bila solusheni," alisema, na wote tukaitikia.

Tulipojaza mashanta yote, tukayapeleka kwenye ghala la chama cha ushirika, tukayatundika juu ya mizani ya pamba. Kilo 28! Tiketi ya kijana ilimruhusu mzigo mmoja tu wa kilo 23. Hapo twapaswa kuelewa jambo la kwanza: mashirika mengi ya ndege huhesabu mizigo kwa idadi na kwa uzito. Ukifika uwanjani na mashanta manne yaliyo mbalimbali, utahesabiwa mizigo minne, na ule wa pili utaulipia pesa nyingi. Kwa hiyo wasafiri wa baiskeli huyatia mashanta yote ndani ya mfuko mmoja mkubwa. Na mfuko huo si lazima uwe wa bei kubwa. Ule mfuko wa mirabaraba wenye zipu, ambao wengi twauita "shangazi kaja," watumiwa hata na watu wa Ulaya kwa kazi hiyo hiyo. Uangalie tu usiwe mkubwa kupita kiasi, maana mashirika mengi hutaka urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158.

Tukarudi nyumbani kupunguza. Kijana alikuwa ameandikiwa na mgeni wake mambo yanayokatazwa, akaanza kutusomea. La kwanza lilikuwa solusheni. Kaka yangu alikasirika. "Kopo dogo hivi litaangusha ndege?" Lakini fikirini, wasomaji. Solusheni yakauka upesi kwa sababu ndani yake mna dawa inayogeuka mvuke, na mvuke huo hushika moto upesi kama petroli. Ndiyo maana hairuhusiwi, wala katika tumbo la ndege wala mkononi. Msafiri hubeba viraka vinavyojibandika vyenyewe, au hununua solusheni huko aendako. Vivyo hivyo mitungi ya gesi ya kupikia, petroli na mafuta ya taa havipandi kabisa. Hata jiko likinuka mafuta laweza kukataliwa. Na kiberiti je? Mashirika mengi huruhusu kimoja kidogo, tena mfukoni mwako, si ndani ya mzigo.

La pili ni betri. Siku hizi kila mtu ana betri ya kuchajia simu, na taa za baiskeli nazo zina betri za akiba. Hizo hazitiwi kamwe katika mzigo wa tumboni. Zikishika moto kule chini hakuna wa kuziona, bali zikiwa juu pamoja na abiria, wahudumu watazizima. Kipimo cha kawaida ni wati-saa 100, zaidi ya hapo yatakiwa ruhusa ya shirika. Hesabu yake si ngumu. Betri iliyoandikwa 20,000 mAh ni sawa na ampea-saa 20. Zidisha kwa volti 3.7, utapata wati-saa 74. Yaruhusiwa. Ziba ncha za betri za akiba kwa utepe ili zisigusane na misumari wala funguo.

La tatu ni vyuma. Spana, bisibisi na kisu vyatiwa katika mzigo wa tumboni. Ukivisahau katika mfuko wa mkononi, watavichukua walinzi. Spana ya marehemu baba ilikuwa nzito mno, nayo pamoja na mnyororo ilifika kilo moja. Kaka yangu aliishika kwa muda, kisha akairudisha ukutani mwenyewe. Hakusema neno, nasi hatukumwuliza.

Zikabaki zawadi za chakula, na hapo ndipo penye uchungu. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri atokaye nchi kama yetu kuingiza nyama wala vitu vya maziwa, kwa kuogopa magonjwa ya mifugo. Samli ni kitu cha maziwa. Machungwa nayo yatakiwa kuwa na hati ya afya ya mimea. Matunda yasiyodaiwa hati ni matano tu: ndizi, nanasi, nazi, tende na duriani.

Kijana akaninong'oneza, "Baba mdogo, nifiche samli ndani ya koti la mvua. Bibi atavunjika moyo."

Nikaona ana huruma. Lakini nikamwambia, "Mwanangu, ukikamatwa, utalipa faini kwa pesa ambazo huna. Na mgeni wako atakuwa nje anakungojea, naye ndiye aliyekudhamini. Usipokamatwa, utampa samli kwa furaha, kumbe umempa uongo ndani yake. Kamwambie bibi yako kweli."

Akaenda, akapiga magoti, akamweleza. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mume wangu, kwani huko kwao asali nayo yakatazwa?" Tukatazama katika maandishi: asali yaruhusiwa, isizidi kilo mbili. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya asali ya kilo moja. "Basi mpelekee hii. Samli mwambie aifuate mwenyewe."

Mkifuata hesabu, tulitoa samli kilo 2, machungwa kilo 3, spana na mnyororo kilo 1, na viatu vya pili kilo 1. Tukaongeza asali kilo 1. Kilo 28 zikawa 22. Ile moja iliyobaki tuliiacha makusudi, kwa sababu mizani ya ghala na mizani ya uwanja wa ndege huenda zisipatane.

Sasa nitawaeleza jinsi tulivyofunga. Kila shanta lina kulabu za kushikia keria, na hizo ndizo huvunjika kwanza mzigo ukitupwa. Tuliyalaza mashanta mawili makubwa, kulabu zikielekeana, na katikati tukaweka blanketi. Madogo tukayapanga vivyo hivyo juu yake. Mikanda yote tuliifunga ndani isining'inie, maana ikinaswa katika mitambo ya kusukuma mizigo itakatika. Asali tuliifunga kifuniko kwa utepe, tukaiviringisha katika shati, tukaitia ndani ya sufuria, na sufuria katikati ya nguo. Asali haifai kutiwa mkononi, kwa kuwa huko vitu vya majimaji huruhusiwa katika vichupa vya mililita 100 tu. Jina na namba ya simu tuliandika mahali pawili, nje na ndani, kwa sababu karatasi ya nje huweza kung'oka.

Mwisho, tuligawa vitu. Mtu asitie suruali zote katika shanta moja na mashati yote katika jingine. Na vile asivyoweza kuvikosa hata siku moja, navyo ni pasi, pesa, dawa, koti la mvua, nguo za kubadili na betri, vibaki mkononi. Kaka yangu aliona huu ni woga wa bure. "Mzigo umeandikwa jina, utapotelea wapi?"

Kijana akafika Amsterdam salama, lakini mzigo wake haukufika. Alifanya kama tulivyopatana: hakutoka uwanjani mpaka alipokwenda kwenye ofisi ya mizigo iliyopotea, akaonyesha kile kipande cha karatasi alichopewa alipokabidhi mzigo, akaandikiwa hati. Kipande hicho kitunzeni kama mnavyotunza risiti ya pamba. Upo Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, nao wasema kwamba mzigo ukiharibika, ulalamike kwa maandishi katika siku 7 tangu kuupokea, na ukicheleweshwa, katika siku 21 tangu ulipoletewa. Maneno ya mdomo hayatoshi.

Siku mbili alizunguka mjini na mwenyeji wake akiwa na koti la mvua na nguo zake za mkononi, na mvua ilinyesha. Siku ya tatu mfuko ukaletwa mlangoni. Kulabu moja ilikuwa imepasuka, naye fundi akaitengeneza kwa waya. Chupa ya asali ilikuwa nzima. Jioni hiyo akapiga simu, mama akapewa simu asikie mgeni anavyosema "asante" kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. Alicheka mpaka akakaa chini.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tuliobaki nyumbani ni rahisi kumwambia msafiri, "Ongeza na hiki, ni kidogo tu." Lakini yeye ndiye atakayesimama mbele ya mizani na mbele ya maofisa, naye ndiye atakayepanda vilima na hicho kidogo chetu kikiwa juu ya keria. Siku mwanao au ndugu yako akisafiri, iwe kwa ndege au kwa basi la kwenda shule, mpimieni mzigo mapema, siku tatu kabla, si usiku wa kuondoka. Na yule mwenye zawadi isiyoweza kwenda, aelezwe kweli kwa heshima. Huenda akawa na asali ndani.

Samli ya mama tuliila wenyewe juma lile lile. Kaka yangu alichukua sehemu kubwa, akasema ni fidia ya solusheni yake.