Dakika si Mizani ya Mchezaji

Juma hili napenda tutafakari jambo linalobishaniwa sana na vijana wetu wapenda mpira wa kikapu, yaani namna ya kupima thamani ya mchezaji. Kila litajwapo jina la Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya NBA ya Marekani, hukumu hutolewa upesi: "Pointi mbili kwa mchezo! Hakuwa kitu." Nasema wazi kwamba hukumu hiyo ni nyepesi mno, na mantiki yake ni mbovu.

Tuanze na yasiyobishaniwa. Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa meta 2.21, alitangazwa mara mbili, 2008 na 2009, kuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut. Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Msimu wa kwanza alipewa wastani wa dakika 13 katika mchezo wenye dakika 48. Februari 2010 akapelekwa kwa muda katika ligi ya chini. Safari yake NBA ilipokoma mwaka 2014, alikuwa amecheza michezo 224 kwa wastani wa pointi 2.2.

Takwimu hizo ni za kweli. Lakini je, zinathibitisha nini?

Kwanza, dakika ni uamuzi wa kocha. Mchezaji hajipi mwenyewe. Pale Memphis nafasi ya mchezaji mrefu wa kati ilikuwa ya Marc Gasol, ambaye mwaka 2013 alitangazwa kuwa mlinzi bora wa NBA nzima. Yeyote aliyesimama nyuma ya mtu kama huyo angekaa benchi muda mrefu. Na pointi huzaliwa na dakika. Basi anayesema kwamba kijana hakupewa dakika kwa kuwa hakuwa na pointi, kisha akazitumia pointi hizo chache kuthibitisha kwamba hakustahili dakika, anazunguka mduara. Waliosoma mantiki wanalijua kosa hili: kulichukua jambo linalotakiwa kuthibitishwa na kulifanya ndilo ushahidi.

Watanijibu: "Mwenye kipaji hujidhihirisha hata kwa dakika tano." Nawaomba wamkumbuke Jeremy Lin. Desemba 2011 aliachwa na timu mbili, Golden State na Houston, ndani ya mwezi mmoja. New York Knicks wakamchukua na kumweka mwisho wa benchi. Tarehe 4 Februari 2012, timu ikiwa na upungufu wa wachezaji, alipewa dakika 36 na akafunga pointi 25. Siku sita baadaye aliwafunga Lakers pointi 38. Je, kipaji hicho kilizaliwa usiku wa kuamkia tarehe 4? Au kilikuwapo siku zote, ila karatasi haikuwa na mahali pa kukiandika?

Pili, takwimu husema yale tu yaliyohesabiwa. Shane Battier alimaliza maisha yake NBA akiwa na wastani wa pointi 8.6 tu. Hata hivyo, Februari 2009 mwandishi Michael Lewis alieleza katika jarida la New York Times kwamba Battier anapokuwa uwanjani, wenzake hucheza vizuri zaidi na wapinzani hucheza vibaya zaidi. Kazi yake ilikuwa kumkaba mtu kama Kobe Bryant na kumlazimisha kutupa kutoka mahali asipopapenda. Bryant akikosa, karatasi huandika kwamba Bryant amekosa. Aliyemkosesha haandikwi.

Sasa tazameni ajabu hii. Februari 2011 Memphis ilimtoa Thabeet pamoja na mchezaji mwingine kwenda Houston, ikampata Battier. Aprili mwaka huohuo, katika mchezo wa kwanza wa mtoano dhidi ya San Antonio Spurs, Battier alifunga mtupo wa pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde zisizofika 30. Memphis ikashinda 101 kwa 98, ushindi wake wa kwanza wa mtoano katika historia yake. Anayemcheka Thabeet kwa uchache wa pointi, kwa mizani hiyohiyo angepaswa kumcheka na Battier.

Sisemi kwamba Thabeet alikuwa nyota aliyefichwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Msimu wa kwanza alizuia mitupo 1.3 katika dakika zake 13, na mtu anaweza kuzidisha apate hesabu ya kupendeza. Lakini alifanya faulo nyingi, na mwenye faulo sita hutolewa nje, hivyo kuzidisha huko nako hakuthibitishi ukuu wake. Hata hesabu ya tofauti ya pointi mchezaji akiwa uwanjani hutegemea anacheza na nani, dhidi ya nani, na kwa muda gani. Huenda makocha wake waliona mazoezini udhaifu wa kweli. Kama ni hivyo, walihukumu kwa macho yao. Sisi tunahukumu kwa karatasi.

Kwa nini nalisema hili kwa ukali? Kwa sababu mizani hii imeshafika katika viwanja vya shule na mitaa yetu. Kijana anayekaba kwa bidii, anayemzuilia njia mpinzani ili mwenzake apate nafasi, huachwa kwa kuwa "hana pointi". Mwenye kutupa hovyo huchaguliwa. Watoto wanayaona hayo, nao hujifunza kutompasia mwenzao.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kumhukumu mchezaji tujiulize: Alipewa muda gani? Alimkaba nani? Timu ilikuwaje alipokuwa uwanjani, na alipotoka? Asiyeweza kujibu maswali hayo asiharakishe kusema fulani hakuwa kitu.