Waamuzi wa Soka na Uadilifu Wetu

Hapa Izigo, kama kwingineko wilayani Muleba, vijana wetu wanapotoka kwenye vibanda vya kutazamia mpira hawazungumzii tena mabao. Humzungumzia mwamuzi: nani kampanga, na kwa nini apangwe yeye? Jina lake hutajwa kabla ya mchezo, na hukumu dhidi yake hutangulia filimbi.

Malalamiko haya hayakuanzia vibarazani. Mwezi Juni 2025 mchezo wa watani wa jadi, Yanga na Simba, ulichezeshwa na waamuzi kutoka Misri. Taifa lenye waamuzi wanaotambuliwa na FIFA halipaswi kuazima uaminifu ugenini. Basi TFF, kupitia Kamati yake ya Waamuzi, itueleze vigezo vya upangaji, na mwamuzi aliyeboronga asirejeshwe uwanjani kimya kimya. Amana hailindwi gizani.

Nasi je? Surat An-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Ni nani miongoni mwetu ambaye, timu yake ilipopewa penalti isiyostahili, alikiri hadharani kuwa si haki? Mtoto anayemsikia baba yake akimtukana mwamuzi kila timu yao inapofungwa hujifunza kwamba kushindwa daima ni kuibiwa. Kesho akifeli mtihani, atamlaumu msahihishaji.

Wazazi wenzetu, tuidai haki bila woga. Lakini tuidai hata siku ambayo itatugharimu bao.