Fataki, Mbwa wa Tajiri na Mshahara wa Mlinzi



Wapo watakaocheka wakiona ukurasa wa chama unazungumza habari za mbwa. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho, maana mbwa huyu ameshatutoa fedha mfukoni.

Usiku wa tarehe 31 Desemba, saa sita, fataki hurushwa Kigali, kwenye Convention Centre kule Kimihurura na vilima vingine. Mshindo hupiga kilima hiki ukarudi kilima kile, nasi huku Muhima tunausikia. Watoto hushangilia. Mbwa aliyefungwa mnyororo getini hajui kwamba ni sikukuu. Sikio lake hunasa hata sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii kabisa. Yeye anajua tu kwamba mbingu inapasuka.

Mbwa wa Kigali si wengi. Mwaka 1994 wengi walipigwa risasi, kwa sababu tunazozijua na ambazo hatupendi kuzisimulia. Wengi wa waliopo leo ni mbwa wa kazi: wanalinda majumba, maghala na viwanda. Na anayekesha nao siye mwenye mbwa. Ni mlinzi mwenzetu, au dada wa kazi aliyeachiwa nyumba wakati wenyewe wamekwenda kusherehekea.

Mwenzetu mmoja analinda ghala huku chini, kuelekea Nyabugogo. Fataki zilipoanza mbwa alikata kamba, akaruka ukuta, akapotea. Asubuhi tajiri hakuuliza mlinzi ameamkaje, aliuliza mbwa yuko wapi. Mwisho wa Januari mshahara ulikatwa. Mlinzi huyo alikuwa mtoto mwaka 1994, na alituambia kwamba mshindo wa kwanza ulimlaza chini kabla hajakumbuka kuwa ni fataki. Hilo nalo hakuna aliyeliuliza.

Sisi tunasema: tarehe 31 Desemba inajulikana mwaka mzima. Jambo lenye tarehe haliwezi kuitwa uzembe wa mlinzi. Mwenye mbwa ndiye wa kujitayarisha kabla hajavaa suti yake.

Na matayarisho yenyewe si ghali. Mbwa atembezwe mchana mpaka achoke, ale mapema, na kabla ya giza aingizwe stoo au chumbani, madirisha yafungwe, redio ipigwe kwa sauti ya kawaida. Awekewe maji na gunia lake alilolizoea. Asifungwe mnyororo, kwani akishtuka anaweza kujinyonga. Asipigwe. Akija kulala miguuni pa mlinzi, aachwe hapo, apapaswe polepole. Wanaosema kumbembeleza kunamzidishia woga wamekosea. Kwa yule anayetetemeka kupita kiasi iko dawa ya daktari wa mifugo, nayo aitafute tajiri siku kadhaa kabla. Vidonge vya watu na pombe asipewe kamwe.

Tajiri atasema mbwa akiwa ndani nani atalinda? Tunamjibu kwamba mbwa anayetetemeka halindi kitu.

Tena mbwa mwenye hofu huuma hata anayemlisha. Ukiumwa, osha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15, kisha nenda kituo cha afya kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje tajiri aamke. Hiyo ni ajali ya kazini na iandikwe hivyo.

Huko Italia, mji mdogo wa Collecchio uliamua mwaka 2015 kwamba fataki ziwe zile zisizo na mshindo, kwa kuhurumia wanyama. Rangi zilibaki. Hatuoni kwa nini Jiji letu lisilifikirie jambo hilo, na kwetu sisi si kwa ajili ya wanyama peke yao.

Kabla Desemba haijaingia, wajumbe wa wafanyakazi wawaandikie matajiri: mbwa ataingizwa chumba gani, nani atamwingiza, akitoroka ipigwe simu ya nani. Na kwamba mshahara hauguswi. Walinzi wa majumba wasio na mjumbe waje chamani, barua tutaiandika pamoja.

Mwenzetu wa ghala bado hajarudishiwa faranga zake. Mbwa alirudi mwenyewe siku ya tatu.