Uongo Wako Analipa Nani?

Msomaji, maandishi yangu ya kwanza kusomwa mbele ya watu yalikuwa uongo. Hayakuwa hadithi wala shairi. Yalikuwa wasifu wa marehemu.

Mwaka 2009, nikiwa kidato cha tatu, mjomba wangu alifariki huko Tandika. Kwa kuwa nyumbani nilisifika kwa Kiswahili, mama mkubwa alinipa daftari na peni. "Andika wewe mwanangu, wewe ndiyo unajua kupanga maneno. Andika malaria." Nikaandika malaria. Mzee wa kanisa akasoma, watu wakatikisa vichwa kwa huzuni, nami nikajiona mwandishi.

Malaria gani? Mimi ndiye niliyemwogesha mjomba miezi miwili ya mwisho. Nilijua, mama mkubwa alijua, na nusu ya walioketi chini ya turubai walijua kwamba mjomba kaondoka na ngoma, kama mtaani tulivyouita UKIMWI. Siku hiyohiyo nilipiga kamba nyingine mbili. Bibi, mama yake marehemu, alikuwa amelazwa hospitali kwa ugonjwa wa moyo. Huyo nikaenda kumwambia kwamba mwanawe kasafiri Mwanza kikazi. Na jioni, watu wakitawanyika, mchumba wa mjomba, ambaye nilizoea kumwita anti, alinivuta pembeni karibu na masufuria. "Wewe ndiye uliyekuwa naye. Niambie, alikuwa anaumwa nini?" Nikamtazama usoni. "Malaria, anti. Ilimpanda kichwani."

Uongo mara tatu kwa siku moja, na usiku nikalala fofofo! Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa Mkristo mzuri niliyesoma Biblia, na katika Biblia nilikuwa na wakili wangu. Jina lake Rahabu.

Baada ya muda kikundi chetu cha vijana kanisani kilifanya mdahalo: je, Mkristo anaweza kusema uongo kwa haki? Tukagawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza ilisema uongo ni uongo, mdogo kwa mkubwa, na wasemao wote wana fungu lao motoni. Waliongea kwa ukali hadi jasho likawatoka. Tulipotoka, mmoja wa wasemaji wao wakuu alipigiwa simu na anayemdai. Tukiwa wote kituoni tunasubiri daladala ya Mbagala, nikamsikia akisema, "Kaka, mimi niko Morogoro, nikirudi tutaonana." Ebo!

Kambi ya pili ilikuwa yangu. Sisi tulimtumia Rahabu kama ufunguo wa milango yote. Unataka kumzuga bosi? Rahabu. Unaomba kazi kwa cheti cha kununua? Rahabu. Umemficha mkeo mshahara? Rahabu huyohuyo. Maskini mwanamke wa Yeriko, tulimgeuza wakala wa fiksi za mjini.

Leo nasema kambi zote mbili zilikosea, na zilikosea mahali pamoja. Zote ziliuliza: inaruhusiwa au hairuhusiwi? Hakuna aliyeuliza swali ambalo hata mama ntilie hulifikiria kabla hajakupakulia: hiki analipa nani?

Tuwachukue waongo watatu wa Biblia, tuwapange mstari mmoja.

Wa kwanza ni baba yetu wa imani, Abramu, katika Mwanzo sura ya 12. Njaa inampeleka Misri. Anaogopa kwamba Wamisri watamwua ili wamchukue mkewe mzuri, basi anamwagiza Sarai aseme yeye ni dada yake. Matokeo? Sarai anachukuliwa nyumbani kwa Farao, na Abramu anapata kondoo, ng'ombe, punda na ngamia. Uongo wa mume, aliyeulipa ni mke.

Wa pili ni Petro. Usiku ule katika ua wa kuhani mkuu, penye moto, anaulizwa kama ni mwenzake Yesu. Anakana mara tatu. Alikuwa na sababu, kwani angeweza kukamatwa. Lakini uongo ule ulimwokoa yeye na kumwacha Mwalimu wake peke yake. Jogoo alipowika alitoka nje akalia kwa uchungu, na hakuna aliyemwambia kwamba amefanya busara.

Wa tatu ni Rahabu, katika Yoshua sura ya 2. Watu wa mfalme wako mlangoni. Wapelelezi wawili wako juu ya dari, chini ya mabua ya kitani. Anasema wameshaondoka wakati wa kufunga lango. Kama askari wangepanda juu, shingo ya kwanza kukatwa ingekuwa ya nani? Yake. Mtaniambia kwamba naye alijadiliana, akaomba ukoo wake usalimike. Ni kweli, sikatai. Lakini mlangoni pale aliweka rehani maisha yake kwa ajili ya wageni. Na waraka kwa Waebrania unamtaja miongoni mwa mashujaa wa imani, naye Yakobo anamtaja kama mfano wa matendo.

Waongo watatu, na wote walikuwa hatarini. Kwa hiyo hatari peke yake haihalalishi kitu. Tofauti ni bili ilipelekwa kwa nani.

Najua nitajibiwa na watu wazito kuliko mimi. Augustino, askofu wa Hippo, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, aliandika vitabu viwili juu ya uongo, kimoja karibu na mwaka 395 na kingine karibu na mwaka 420. Alikataa uongo wa kila aina. Kuhusu Rahabu na wale wakunga wa Kiebrania waliomdanganya Farao, alijibu kwamba Mungu alilipa huruma yao, siyo uongo wao. Naye Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, akashika njia hiyo: uongo wa kumsaidia mtu ni dhambi ndogo, lakini bado ni dhambi.

Augustino hakuwa mtu wa kupuuzwa. Hoja yake ina meno: ukikubali kwamba mhubiri anaweza kudanganya kwa nia njema, basi siku akikuhubiria uzima wa milele utajuaje kwamba siyo nia njema tena? Anatupa mfano wa askofu mmoja wa Tagaste, jina lake Firmus, aliyemficha mtu anayetafutwa na mfalme. Maofisa walipokuja aliwaambia kwamba hatasema uongo wala hatamtoa mtu. Wakamtesa, hakusema. Mwishowe mfalme mwenyewe alistaajabu, na yule mkimbizi akasamehewa.

Namvulia kofia Firmus. Lakini tazameni: yeye naye alilipa kwa mwili wake mwenyewe! Hakumtuma mtu mwingine apigwe kwa niaba ya ukweli wake. Kwa swali langu, Firmus na Rahabu ni ndugu. Kinachonitisha ni Mkristo anayetaka usafi wa Firmus huku mijeledi ikimwangukia mwingine.

Maana iko milango ambayo kunyamaza kwenyewe ni jibu. Hatuhitaji kwenda Yeriko, twendeni Rwanda. Mwaka 1994, kwa takriban siku 100, wauaji walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza swali moja: mmewaficha Watutsi humu? Katika kijiji cha Musamo, Ruhango, aliishi mama mmoja mjane, Zura Karuhimbi, aliyejulikana kama mganga. Aliwaficha watu zaidi ya 100. Wauaji walipofika aliwatisha kwamba wakithubutu kuingia, mizimu itawamaliza. Wakaogopa, wakageuka. Miaka mingi baadaye mama huyo alieleza kwamba nguvu hizo hazikuwapo, kwamba yeye aliamini Mungu mmoja tu, na uchawi ule ulikuwa kifuniko cha kuokoa watu. Mwaka 2006 taifa lake lilimpa nishani, na mwaka 2018 akafariki.

Sasa wewe wa kambi ya kwanza, simama mbele ya watu wale zaidi ya 100 uwaambie kwamba Mama Zura alipaswa kunyamaza. Na ukumbuke jambo jingine. Redio ya RTLM, pamoja na uongo wake mwingi, ilitangaza pia majina ya watu na mahali walipokuwa. Taarifa za namna hiyo zilipokuwa kweli ndipo zilipoua. Ukweli nao unaweza kushikwa kama panga.

Hata Kanisa Katoliki lenyewe limehangaika na sentensi hii. Katekisimu iliyotoka mwaka 1992, kifungu cha 2483, ilisema kudanganya ni kumpotosha mtu mwenye haki ya kujua ukweli. Toleo rasmi la Kilatini la mwaka 1997 likayaondoa maneno hayo ya haki ya kujua. Miaka mitano tu, na mlango uliokuwa wazi kidogo ukasukumwa tena. Siwacheki. Ukiuacha wazi mlango ule, sisi wa kambi ya pili tutapita na magunia yetu.

Na Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, alianza kuandika insha juu ya maana ya kusema kweli akiwa gerezani baada ya kukamatwa mwaka 1943. Anatupa mfano wa mwalimu anayemwuliza mtoto mbele ya darasa lote kama ni kweli baba yake hurudi nyumbani amelewa. Ni kweli, lakini mtoto anakataa. Bonhoeffer anasema lawama ya uongo ule inamwangukia mwalimu. Nani katika sisi hakuwahi kuulizwa swali la namna hiyo darasani? Na yeye hakuwa anafanya porojo. Aliwaficha mambo waliomhoji ili kuwalinda wenzake, na tarehe 9 Aprili 1945 akanyongwa.

Haya. Nimewatetea Rahabu, Zura na Bonhoeffer. Sasa nirudi Tandika nijitetee mimi, kama ninaweza.

Bibi alifariki siku tisa baadaye, akiuliza Mwanza kuna baridi kiasi gani. Uongo ule ulinigharimu, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa kitandani pake nikitabasamu. Augustino aliufikiria mfano kama huo, mgonjwa asiyejua kwamba mwanawe amekufa, akakiri kwamba unamgusa moyo, na bado akakataa. Mimi sijisifu. Tulimwepusha Bibi na mshtuko, lakini pia tulimnyang'anya haki ya kumlilia mwanawe. Kwa huo naomba msamaha, siombi cheti cha uadilifu.

Lakini anti! Kwa anti hakukuwa na askari mlangoni. Hakukuwa na mtu juu ya dari. Mjomba alishazikwa, hakuna ambaye angemdhuru tena. Tulikuwa tunalinda nini? Heshima ya familia. Jina letu. Sura zetu pale mtaani. Na bili ya heshima hiyo tulimpelekea msichana wa miaka 24.

Ilikuwa mwaka 2009, jamani. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Kupima kulikuwa bure pia. Anti hakuhitaji muujiza. Alihitaji neno moja kutoka kwangu, na nilikuwa nalo mdomoni.

Alijua mwaka 2011, kliniki, akiwa na mimba ya miezi saba na mume mwingine. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu. Mume aliondoka. Siku moja alikuja nyumbani, akaketi kwenye kigoda, akaniuliza, "Wewe ulijua?" Safari hii nikasema ndiyo. Hakunitukana. Alinyamaza, halafu akasema, "Ungeniambia tu, mdogo wangu. Ningelia, halafu ningekwenda kupima."

Tangu siku hiyo Rahabu amejiuzulu uwakili wangu. Niliazima jina lake kufanya kazi ya Abramu.

Basi msimamo wangu ndio huu. Uongo unaweza kuwa wa haki mbele ya Mungu pale unaposimama kati ya muuaji na anayewindwa, na anayeusema akawa tayari kuulipa yeye mwenyewe. Huo utaweza hata kuusimulia baadaye hadharani bila kuinamisha kichwa, kama alivyofanya Mama Zura. Lakini uongo wetu mwingi hauko mlangoni pale. Uko sebuleni, umevaa suti, na unalipiwa na mtu asiyejua hata kwamba anadaiwa.

Na nyie wenzangu mnaoshika kalamu, hapa ndipo panapotuhusu. Watu hudhani waongo ni sisi tunaotunga hadithi. La hasha! Msomaji wa hadithi anajua anachosoma, hajaibiwa kitu. Hatari yetu ni siku tutakapoitwa kwa sababu tunajua kupanga maneno: andika wasifu huu, andika tangazo hili, andika barua hii ya kumsafisha fulani. Tutasifiwa, tutapewa soda. Kabla hujafungua kifuniko cha peni, uliza analipa nani. Kama ni wewe, andika na Mungu akusaidie. Kama ni anti aliyesimama karibu na masufuria, rudisha daftari.

Nimemaliza. Anayepinga na aandike, kurasa zipo.