Maktaba Yenye Kufuli Ni Stoo Tu

Leo tuongee kuhusu maneno ambayo nimechoka kuyasikia: "Vijana wa siku hizi hawasomi." Matokeo ya KCSE yakitoka, utayasikia. Kwa mkutano wa wazazi, utayasikia. Hata kwa matatu ya kutoka Embu kuja Runyenjes, mzee akiona umeinamia simu, lazima ayaseme, tena kwa sauti, ndio ujue ni wewe anaongelea.

Mimi nakataa. Sisi tunasoma sana. Tunasoma maandishi ya chini ya filamu za Kikorea mbio mbio bila kupitwa na neno. Tunasoma maoni mia tatu chini ya video moja ili tujue nani alianza ugomvi. Kuna watu wanasoma hadithi za mapenzi za sura themanini kwa simu, usiku, chini ya blanketi, na bando ikiisha wanakopa ingine. Mtu kama huyo utamwambiaje hapendi kusoma? Anachokosa ni kitabu anachokitaka, mahali anapoweza kukifikia, bila kuomba ruhusa kama mfungwa.

Kwa hivyo hoja yangu ni hii: kwa vijana wa mji kama Runyenjes, shida kubwa ya kusoma si uvivu. Ni kufuli. Maktaba za shule zifunguliwe, vitabu viende nyumbani, na sisi wenyewe tupewe kazi ya kuziendesha.

Tuanze na ramani. Runyenjes iko kwenye barabara ya Embu kwenda Meru. Ukitaka maktaba ya taifa, unapanda gari hadi Embu mjini, zaidi ya kilomita 20. Ukiwa unatoka ndani kule Kyeni ama Kagaari, unaanza na boda kwanza ndio ufike barabarani. Mwambie mama unataka nauli ya kwenda na kurudi ili uazime riwaya, halafu uone vile atakuangalia. Sawa, ununue basi? Kitabu cha hadithi kipya ni pesa ya unga na mafuta ya kupikia. Na usisahau sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliweka vitabu kwenye ushuru wa asilimia 16, jambo ambalo wachapishaji wamelilalamikia miaka nenda miaka rudi. Kwa hivyo kwa kijana wa hapa, maktaba ya shule si moja kati ya nyingi. Ni hiyo tu.

Sasa hebu tuingie ndani ya hiyo maktaba, kama una bahati ya kuikuta wazi. Tangu 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja hadi shule za umma za sekondari, lengo likiwa kila mwanafunzi awe na kitabu chake katika masomo makuu. Hilo lilikuwa jambo zuri, na lazima tuliseme. Wale waliotutangulia walikuwa wanakaa vichwa vinne kwa kitabu kimoja. Lakini kitabu cha kiada ni kama ugali. Kinashibisha, ila hakuna mtu hualika marafiki waje kula ugali mkavu. Shule nyingi ukiuliza maktaba iko wapi, unaonyeshwa chumba kimejaa Kemia na Jiografia hadi darini, na ufunguo uko kwa mwalimu mmoja ambaye pia anafundisha madarasa matano na anasimamia mpira. Akienda mkutano Embu, maktaba imeenda naye. Hiyo ni stoo, jamani. Tuiite jina lake.

Na wadogo zetu wa JSS je? Tangu 2023 wamewekwa ndani ya shule za msingi. Ni watoto wa miaka kumi na mbili hadi kumi na tano, umri ule ule ambao mtu ama anaingia kwa vitabu moja kwa moja ama anavikimbia maisha yake yote. Mahali ambapo kuna kabati la hadithi, mara nyingi ni za sungura na fisi za darasa la tatu. Msichana wa miaka kumi na nne hataki sungura. Anataka hadithi ya mtu anayepitia mambo anayopitia yeye.

Najua mwalimu mkuu atasema nini: vitabu vitapotea. Nakuheshimu mwalimu, na haujaogopa bure. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa uliwekwa Sh22,244 kwa mwaka. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliambia wabunge kwamba pesa zilizopo zinatosha kama Sh16,900 tu. Shule ikiwa inasukuma stima, maji na chakula na mfuko umetoboka hivyo, kitabu cha hadithi kikipotea ni nani atakirudisha? Naelewa kabisa kwa nini kufuli inaonekana kama akili.

Lakini fanya hesabu na mimi. Tuseme shule ina vitabu 100 vya hadithi. Ikiviazimisha mwaka mzima na vipotee 10, imebaki na 90, na vyote vimepita kwa mikono ya mamia ya wanafunzi. Ikivifungia, mwisho wa mwaka ina 100, safi kabisa, na wasomaji sifuri. Ni nani hapo amepata hasara? Mchwa na unyevu wa Julai havijui kufuli.

Na hii tabia ya kufungia watu vitabu nje ina historia ambayo haipendezi. Maktaba ya McMillan pale Nairobi ilifunguliwa 1931, jengo la fahari, nguzo za mawe, simba mlangoni. Mwafrika alifungiwa nje hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Ujumbe ulikuwa wazi: vitabu vipo, ila si vyako. Leo hakuna mtu anayesema hivyo kwa mdomo. Lakini kijana akipita kwa mlango wenye kufuli kila siku kwa miaka minne, anafika mwisho ule ule. Anajua vitabu ni vya watu wengine.

Sasa linganisha na Garissa. Tangu 1996, maktaba ya taifa kule imekuwa ikipakia vitabu kwa ngamia na kuvipeleka kwa watoto wa wafugaji, mahali gari haliendi kirahisi. Ngamia, vumbi, jua kali, mikono ya watoto. Ukifikiria kupotea na kuchafuka, hao ndio wangekuwa wa kwanza kusema haiwezekani. Kama kitabu kinaweza kusafiri jangwani kwa ngamia, kinashindwaje kufika Kagaari ndani ya begi la mwanafunzi?

Kitu kinachonikasirisha zaidi ni likizo. Muhula ukiwa katikati, una masomo ya asubuhi, ya mchana na ya jioni, hata kulala ni kwa mgao. Muda wa kusoma hadithi unaupata Aprili, Agosti, na zaidi ile likizo ndefu ya Novemba na Desemba. Na wakati huo ndio maktaba inafungwa kabisa. Yaani vitabu vinaenda likizo siku ile ile wasomaji wanapata nafasi.

Halafu tunashangaa. Asubuhi unachuma kahawa ama unasaidia kwa majani chai, saa nane umemaliza. Runyenjes saa nane, ni nini kiko wazi? Meza ya pool iko wazi. Kibanda cha muguka kiko wazi. Programu ya kamari kwa simu iko wazi saa ishirini na nne. Na sitaki kumkosea mtu hapa, muguka imelipa karo ya watu wengi Embu na hiyo ni kazi kama kazi ingine. Ninachosema ni kwamba kila kitu kinachotaka muda wa kijana kimefungua mlango, isipokuwa maktaba. Halafu kijana akiingia kwa mlango uliofunguliwa, analaumiwa.

Kwa hivyo tufanye nini? Nina mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji harambee.

Kwanza, siku ya kufunga shule, kila mwanafunzi atoke na vitabu viwili vya hadithi pamoja na ripoti fomu. Avirudishe siku ya kufungua. Asiporudisha, anaweza kuleta kingine cha mtumba badala yake. Nairobi vitabu vya mtumba vinauzwa kando ya barabara, unainama tu na kuchagua, na kila familia ina mtu anayeshuka Nairobi.

Pili, mpeni mwanafunzi ufunguo. Mnatupatia ufunguo wa maabara tukapange viti, mnatupatia kengele, mnatuamini na chakula cha watu mia nane. Chagueni wanafunzi wanne wanaopenda vitabu, si lazima wawe wa kwanza darasani, muwape daftari la kuandika nani amechukua nini. Wafungue saa ya chakula na baada ya michezo. Mwalimu abaki kuwa msimamizi. Kijana mwenzako akikuuliza kitabu chake kiko wapi, utakirudisha haraka kuliko ukiulizwa kwa gwaride.

Tatu, tuchague wenyewe. Leteni upelelezi, mapenzi, mizimu, vibonzo, maisha ya wachezaji mpira. Leteni *Siku Njema* ya Ken Walibora ya 1996, isomwe na mtu asiyetahiniwa nayo, amfuate tu yule kijana kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta babake. Leteni tamthilia za Kithaka wa Mberia, mtu wa Tharaka, hapa hapa mbele kidogo kwa barabara hii yetu. Wengi wanamjua kwa sababu *Kifo Kisimani* kilikuwa kitabu teule cha KCSE. Wachache wamewahi kuambiwa huyo ni jirani, kwamba anayeandika vitabu anaweza kutoka upande huu wa mlima.

Nne, na hii ni ya walimu wa lugha, tafadhali, nawaomba: kitabu cha kujifurahisha kisiwe na kazi ya kuandika nyuma yake. Msituulize maudhui. Msituulize sifa za wahusika. Mwaka 1992 mwandishi na mwalimu Mfaransa Daniel Pennac alitoa kitabu kinachoorodhesha haki kumi za msomaji, na ndani yake kuna haki ya kuruka kurasa, haki ya kutomaliza kitabu, na haki ya kusoma chochote. Ya kwanza kabisa ni haki ya kutosoma. Mwalimu ndiye anasema hivyo! Alijua kwamba ukimlazimisha mtu kupenda kitu, unamfundisha kukichukia.

Mtu atauliza, na mitihani je? Basi nakuuliza, insha unaiandika na nini? Maneno hayatoki hewani. Mtafiti wa Marekani Stephen Krashen ametetea jambo hili kwa miaka mingi: anayesoma kwa hiari yake, vitabu anavyovipenda, ndiye hupata msamiati, tahajia na uandishi bila hata kuhisi anajifunza. Hiyo hadithi ya mapenzi unayomnyang'anya msichana chini ya dawati huenda ndiyo inamwandalia alama zake za Kiswahili.

Na wewe unayesoma hii ukiwa bado shuleni, usingoje barua ya wizara. Darasa lenu lina watu 45? Kila mmoja alete kitabu kimoja muhula ujao, cha kaka, cha shangazi, cha mtumba, hata kama hakina jalada. Wekeni kwa boksi pale nyuma ya darasa na daftari moja la kuandikisha. Umeleta kimoja, umepata 44 ambavyo hujasoma. Hiyo tayari ni maktaba, na haina kufuli.

Halafu mkishafika hapo, nendeni kwa mwalimu mkuu na hilo daftari, likiwa limejaa majina na tarehe. Mwonyesheni vingapi vimetoka na vingapi vimerudi. Kisha ombeni ufunguo.